UZI: Kwa nini mzazi wa Manyatta huuliza "majibu yataenda wapi?" kabla mtoto apimwe virusi

1/ Kila mjadala wa hadhara ukigusa afya na shule, hakosi mtu wa kusimama aseme: "Si wazazi wapewe vipimo wapime watoto nyumbani, shida iishe?" Mwingine anamrukia: "Hao wanataka tu majina ya watoto wetu!" Kelele inaanza. Kabla uchague upande, twende polepole tuangalie historia. Haya mambo hayakuanza na korona.

2/ Natumia Manyatta, Kaunti ya Embu, kama mfano. Upande wa Kirimari kuna mji wa Embu na hospitali ya Level 5. Panda juu Ngandori, kwenye kahawa na majani chai, na mambo ni tofauti. Nesi wa zahanati, mwalimu wa darasa la pili na mama wa duka ni majirani, pengine hata ukoo mmoja. Huko siri ya mtoto ikitoka asubuhi, jioni imefika sokoni.

3/ Rudi Januari 2003. Elimu ya msingi inakuwa bure, watoto wanamiminika shuleni. Lakini si wote waliopokelewa. Nyumbani, makao ya mayatima wanaoishi na VVU yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 1992, ilisema shule za umma zinawakataa watoto wake kwa sababu ya hali yao. Mapema 2004 kesi ikafika Mahakama Kuu, na serikali ikakubali watoto hao wachukuliwe.

4/ Hapo ndipo wazazi na walezi wengi walipata funzo la kwanza. Mtoto hakufukuzwa na virusi. Alifukuzwa na HABARI kuhusu virusi. Yule ambaye hali yake haikujulikana alikaa darasani kama kawaida. Yule aliyejulikana ndiye alihitaji wakili.

5/ Ikaja Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika kwa awamu miaka iliyofuata. Inakataza kumlazimisha mtu apimwe kama sharti la kuingia shule. Mtoto anapimwa kwa idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa hali chache zilizotajwa. Majibu ni siri. Kwa karatasi, mambo yalikuwa sawa kabisa.

6/ Halafu Februari 2015 likatoka agizo kutoka Ikulu. Makamishna wa kaunti, wakishirikiana na wakuu wa elimu na afya, wakusanye takwimu za watoto WOTE wa shule wanaoishi na VVU, na habari za walezi wao. Pia kina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Sababu iliyotajwa ilikuwa nzuri: kupanga huduma na dawa.

7/ Sasa tulia hapa kidogo. Kamishna wa kaunti si daktari. Chini yake kuna manaibu, machifu na manaibu wa chifu, wale wale wanaoitisha baraza. Mzazi akisikia orodha inapitia njia hiyo, haulizi kama serikali ina nia mbaya. Anauliza ni macho ya watu wangapi yatasoma jina la mwanawe kabla lifike Nairobi.

8/ Na kuna jambo ambalo wanaume kwenye mijadala hulipita haraka. Mtoto mdogo akiwa na VVU, mara nyingi aliambukizwa na mama wakati wa ujauzito, kuzaliwa au kunyonya. Kwa hivyo jibu la mtoto huwa ni jibu la mama pia. Ukiandika jina la mtoto wa darasa la kwanza, umemwandika mama yake, na pengine baba hajui, mama mkwe hajui. Mama akikataa mtoto apimwe, usikimbilie kusema hajasoma. Huenda anajilinda asifukuzwe kwake.

9/ Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani. Kati ya walalamishi ilikuwemo taasisi inayoendesha Nyumbani, ile ile ya 2004! Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lilikiuka haki ya faragha (Kifungu cha 31 cha Katiba) na maslahi ya mtoto (Kifungu cha 53). Ikaamuru majina yafichwe kwa namba za siri ndani ya siku 45, ili jina lisiunganishwe na hali ya mtu.

10/ Zingatia: mahakama haikusema kupima ni vibaya, wala haikusema serikali isihesabu. Inaweza kujua ni watoto wangapi Manyatta wanahitaji dawa bila kujua kwamba ni mtoto wa fulani. Hesabu na jina ni vitu viwili. Wanasiasa wengi huvichanganya, wengine makusudi.

11/ 2017 vipimo vya kujipima VVU vikazinduliwa rasmi Kenya, vya mate na vya tone la damu. Watu wakasema sasa tatizo la siri limeisha, unajipima chumbani kwako. Kwa mtu mzima, kweli imesaidia. Kwa mtoto mdogo hesabu ni tofauti kidogo.

12/ Vipimo hivi hutafuta kingamwili. Mtoto wa chini ya miezi 18 anaweza bado kuwa na kingamwili za mama yake, kwa hivyo kipimo kinaweza kuonyesha ana virusi na hana. Huyo anahitaji kipimo cha maabara kinachotafuta virusi vyenyewe. Hata kwa mkubwa, jibu la "ana virusi" nyumbani si la mwisho, lazima lithibitishwe kituoni. Na nani atamweleza mtoto wa miaka 7 kilichotokea? Karatasi ya maelezo ndani ya paketi haiwezi.

13/ Machi 2020, korona ikaingia. Watu waliowekwa karantini wakadaiwa pesa za chakula na malazi, na kuna walioshikiliwa zaidi kwa kushindwa kulipa. Mei, serikali ilipopeleka upimaji wa watu wengi Eastleigh na Kawangware, waliojitokeza walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Serikali ikalazimika kutangaza kwamba italipia karantini, lakini hofu ilikuwa imeshaingia.

14/ Shule zilipofunguliwa, Oktoba 2020 kwa madarasa matatu na Januari 2021 kwa wote, watoto walipimwa joto langoni. Uingereza, kuanzia Machi 2021, wanafunzi wa sekondari walipewa vipimo vya korona wajipime nyumbani mara mbili kwa wiki. Wale wadogo wa shule ya msingi hawakuwekwa kwenye ratiba hiyo. Hata nchi yenye vipimo tele ilisita ilipofika kwa watoto wadogo.

15/ Kwa watu wa Embu kuna jeraha lingine. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma walikamatwa usiku kwa madai ya kuvunja kafyu, na miili yao ikapatikana mochari ya hospitali ya Embu. Polisi sita walishtakiwa kwa mauaji. Kafyu ililetwa kwa jina la afya ya umma. Ukienda huko uwaambie wazazi "tuaminini, ni kwa afya yenu", jua unaongea na watu wa aina gani na wamezika nani.

16/ Lakini tuwe wakweli pande zote. Kutopima pia kunaua. Bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kufika miaka miwili. Akipimwa mapema na kuanzishwa ARV, anakua, anasoma, anakuwa mzazi. Kuna mtoto yuko darasani sasa hivi, anakohoa kila muhula, na hakuna aliyemjua hali yake. Mwanasiasa anayewachochea wazazi wakatae kila kipimo halipi gharama hiyo. Huyo mtoto ndiye anailipa.

17/ Kwa hivyo mtu akija jukwaani na mpango wa vipimo vya watoto nyumbani, usimpigie makofi wala kumzomea kabla ya kumuuliza haya:
• Jibu linaandikwa wapi, na nani analisoma?
• Shule inapewa jina ama hesabu tu?
• Mzazi akikataa, mtoto anaendelea na masomo?
• Jibu likiwa baya usiku wa Ijumaa, mama anampigia nani?
• Dawa ziko kwa zahanati ya karibu ama ni mpaka nauli ya kwenda mjini?

18/ Maswali haya si ya kupinga serikali. Yana msingi kwenye Katiba, Sheria ya 2006, hukumu ya 2016 na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayohesabu habari za afya kuwa data nyeti na kutaka idhini ya mzazi pale data ya mtoto inapotumika. Ukiona kiongozi anakasirika kwa kuulizwa, basi hapo umeshapata jibu.

19/ Historia yetu ya miaka ishirini inaonyesha kitu kimoja. Wazazi hawakuogopa kile kijiti cha kupimia. Waliogopa orodha. Pale siri ilipolindwa, watu walijitokeza wenyewe. Pale majina yalipoitishwa, walijificha, na watoto wagonjwa wakajificha nao.

Mwisho wa uzi. Kama wewe ni mzazi, mwalimu ama nesi, ongezea yako hapo chini. Usitaje jina la mtoto yeyote, tafadhali.