Kibo Mbele ya Lenzi

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona Mlima Kilimanjaro na weupe uliofunika kilele cha Kibo. Habari ilipofika Uingereza, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika aliyeijua kwa vitabu tu, aliikataa katakata: theluji itakaaje karibu na ikweta? Rebmann hakuwa na picha ya kuonyesha. Alikuwa na neno lake tu. Wachagga walioitazama theluji hiyo vizazi na vizazi, huko London hakuna aliyewahesabu kuwa mashahidi.

Mimi ni mpiga picha wa mandhari, makazi yangu Moshi, na kwangu historia ya kazi hii inaanzia kwenye ubishi ule. Mlima wetu ulibishaniwa kwanza, ukapigwa picha baadaye.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Meyer alikuwa na kamera. Picha za wakati huo mara nyingi zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa. Kioo kimoja, picha moja. Vilikuwa vizito, vilivunjika upesi, na vilipandishwa mlimani kwa nguvu za wapagazi. Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, alibaki na Wazungu hao katika kambi ya juu, kwenye baridi kali. Picha zile ni zake pia, ingawa si yeye aliyebonyeza kamera.

Mwenye jicho la kazi huona jambo jingine katika picha za enzi hiyo: mara nyingi anga ni jeupe tupu. Dawa ya vioo ilishika mno mwanga wa buluu, kwa hiyo anga liliungua kabla miamba haijatokea vizuri. Hebu fikiria kazi ya kutenganisha theluji na anga wakati vyote viwili vinataka kuwa weupe mmoja. Ilibidi kungojea jua lipige kutoka ubavuni, kivuli kichore ukingo wa barafu. Hata leo, kwa kamera ya dijitali, mimi hungojea mwanga huohuo.

Meyer alirudi mwaka 1898 akiwa na mchoraji Ernst Platz, akakuta barafu imeanza kurudi nyuma. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha kwa shabaha tofauti: waliupima mlima. Ukipiga sehemu ileile kutoka vituo viwili ambavyo unajua umbali kati ya kimoja na kingine, picha hizo zinakupa vipimo, na vipimo vinakupa ramani. Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, akaipiga Kibo kutoka kwenye ndege.

Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyotuwezesha kujua hasara yetu. Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 11.4, mwaka 2011 zilibaki 1.76. Wataalamu wanataja hewa iliyozidi kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, pamoja na jua linalokula kuta za barafu na joto la dunia linaloongezeka.

Hapo ndipo sanaa na ushahidi huvutana. Theluji mpya ikianguka usiku, asubuhi Kibo huwa nyeupe hadi chini, na kila mtu Moshi hutoa simu. Picha hiyo ni nzuri kweli, lakini ukiitumia kupima barafu itakudanganya, maana theluji ya usiku mmoja hufunika mwamba uliokwisha kuachwa wazi. Barafu yenyewe huonekana kiangazi, theluji hiyo ikishaondoka. Ndiyo maana napenda kupiga miezi ya ukavu, alfajiri, kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni: mwamba wa kahawia, na juu yake kipande cha barafu chenye ukuta wima na mistari ya tabaka. Nasimama palepale, lenzi ileile, naandika tarehe, saa na mahali. Sioni kwamba uzuri unapungua. Kwangu huo ndio uzuri wa mlima ulivyo, bila kupambwa.

Picha za Mittelholzer zimetunzwa Zürich, katika maktaba ya chuo cha ETH, na mtu anaweza kuzitafuta kwa jina na mwaka. Za kwetu zimetawanyika kwenye albamu za harusi, kuta za studio na simu zilizokwisha kuharibika. Natamani kila shule ya Machame, Marangu na Old Moshi iwe na kituo chake kimoja cha kupigia Kibo, na daftari la tarehe. Safari hii wajukuu wa wapagazi waishike kamera wenyewe, na majina yao yaandikwe chini ya picha.