Kijani cha Chumba cha Kusomea

Ukisema unataka kupaka rangi chumba cha kusomea, hata kama hicho "chumba" ni kona ya bedsita yenye meza moja na kiti, lazima mtu atakwambia uweke kijani. Eti kijani hupumzisha macho. Ushauri huo si wa juzi. Pliny, yule Mrumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba wachongaji wa vito walitazama zumaridi ili macho yao yaliyochoka yapate nafuu. Imani imedumu karibu miaka 2,000, na kusema kweli haina ubaya wowote. Ubaya ulikuwa ndani ya rangi yenyewe.

Kwa muda mrefu kijani kizuri kilikuwa kigumu kupatikana. Cha majani kilipauka, cha shaba mara nyingi kiligeuka kuwa cheusi au kahawia. Halafu mwaka 1775 mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, akaunganisha shaba na aseniki, akapata kijani kikali na cha bei nafuu. Mwaka 1814, mjini Schweinfurt, Ujerumani, kikatengenezwa kingine chenye aseniki pia, tena kinachong'aa zaidi. Basi Ulaya ikachizi. Kikatiwa kwenye nguo, maua bandia na mishumaa, lakini zaidi kwenye karatasi za kubandika ukutani, ambazo wakati huo ndizo zilizopamba nyumba za watu wa kadiri.

Mwaka 1839 mkemia Mjerumani, Leopold Gmelin, alionya kwamba vyumba vyenye unyevu vilivyobandikwa karatasi hizo vilikuwa na harufu kama ya panya, na kwamba haikuwa salama kuishi humo. Miaka ya 1890 Mwitaliano Bartolomeo Gosio akaonyesha kwamba kuvu wanaweza kuigeuza aseniki kuwa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu. Watafiti wa karibuni wana shaka kama gesi hiyo peke yake iliweza kuua mtu. Vumbi la rangi iliyobanduka, hilo nalo si la kupuuzwa: unakaa mezani saa sita, unalivuta taratibu.

Hapa ndipo mitandao hupenda kumleta Napoleon. Alikufa mwaka 1821 kisiwani St Helena, na kipande cha karatasi ya ukutani kutoka nyumba aliyoishi huko kilipopimwa miaka ya 1980 kilikutwa na aseniki. Stori tamu, lakini nywele zake za utotoni nazo zilikuwa na aseniki, na wengi waliochunguza kifo chake wanataja saratani ya tumbo. Anachotuonyesha Napoleon ni kwamba sumu hiyo ilikuwa kila mahali zama zile.

Mimi ananishangaza zaidi William Morris, yule mbunifu wa Uingereza ambaye michoro yake ya maua na ndege bado inauzwa. Familia yake ilipata utajiri kutokana na mgodi wa Devon Great Consols, uliochimba shaba kisha ukawa mzalishaji mkubwa wa aseniki, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mkurugenzi wake. Karatasi zake za mwanzo zimepimwa na kukutwa na aseniki. Hata mwaka 1885 alikuwa bado akiwabeza madaktari waliolalamika. Mtu aliyetetea wafanyakazi na vitu vizuri vya mikono! Uingereza haikutunga sheria ya kuzikataza karatasi hizo. Wanunuzi walishtuka, viwanda vikaanza kutangaza karatasi zisizo na aseniki, na kijani kile kikafifia sokoni.

Lakini sumu ilikuwa na njia nyingine ya kuingia: madini ya risasi, yale yale ya bunduki. Yalitengenezewa rangi nyeupe tangu kale, na karne ya 19 yakaleta njano ya kromu. Changanya njano hiyo na buluu, unapata kijani. Yaani kijani kilichoachana na aseniki kikabeba risasi. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1909, na mwaka 1921 mkutano wa kazi wa Geneva ukakubaliana kuizuia ndani ya majengo. Marekani ilisubiri hadi 1978 kupiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Miaka hiyo yote watoto walikuwa wakila vipande vya rangi iliyobambuka, na risasi huharibu ubongo unaokua.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri hapa Nairobi, linasukuma nchi zote ziweke kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Kenya imekiweka. Kwa hivyo ukifika dukani, kabla ya kufungua kitabu cha rangi, geuza mkebe usome maandishi yake. Kuwa macho zaidi na rangi za mafuta, hasa njano, nyekundu na kijani zinazowaka.

Ukuta wa zamani ni hesabu nyingine. Nyumba ya kupanga inaweza kuwa na rangi tabaka kwa tabaka, na mwenye nyumba hakumbuki ya chini ilitoka wapi. Fundi akija na msasa mkavu, mwambie pole pole, aulowanishe ukuta kwanza. Watoto na mama mjamzito wakae mbali. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, ufagio uachwe.

Hayo yakiisha, kijani karibu. Paka kipande kidogo tu kwanza, ukitazame saa nne asubuhi, kisha saa mbili usiku taa ikiwa imewaka. Kwenye balbu ya manjano, kile ulichokipenda dukani kinaweza kufanana na sukuma wiki ya jana.