Cheti cha nyaya: Sahihi bila vipimo haimlindi mwenye nyumba

NYUMBA mpya nchini Kenya haiunganishiwi umeme hadi mwenyewe awasilishe kwa kampuni ya Kenya Power cheti cha kukamilika kwa kazi ya nyaya. Hati hiyo hutiwa sahihi na fundi aliyeidhinishwa, naye huthibitisha kwamba kazi imekaguliwa, ikapimwa na kuonekana kuwa salama.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamzuia mtu kufanya kazi hiyo bila idhini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), iliyochukua nafasi ya Tume ya Kudhibiti Kawi (ERC). Idhini ni za aina mbili: cheti cha fundi binafsi na leseni ya mwanakandarasi. Madaraja yake ni C2, ambalo ndilo la chini, kisha C1, B, A2 na A1. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo mwenye idhini anavyoruhusiwa kushughulikia kazi kubwa zaidi.

Uzito wa cheti umo katika vipimo vinavyotangulia sahihi. Waya wa ardhi usipounganishwa, umeme unaovuja hubaki kwenye bati la friji au jiko, ukimsubiri atakayeligusa. Swichi ikikata waya wa nyutro badala ya ule wenye umeme, taa huzimika lakini holda hubaki na umeme. Anayebadilisha balbu hudhani yuko salama. Aidha, nyaya hupimwa kwa volti 500 ili ibainike iwapo plastiki inayozifunika ilichubuka zilipokuwa zikivutwa ndani ya mabomba ukutani.

Kasoro hizi hazionekani kwa macho baada ya kuta kupigwa lipu. Kwa hivyo, fundi asiye na idhini anapofanya kazi, kisha mwingine akalipwa kutia sahihi tu, Kenya Power hupokea hati kamili ilhali hakuna aliyepima chochote. Umeme utawaka, lakini familia itakuwa ikiishi na hatari isiyoijua.

Hatari hiyo huweza kuzuka pia miaka mingi baadaye. Hita ya bafuni ya wati 5,000 huvuta takriban ampea 21 kwenye umeme wa volti 240. Ikiungwa kwenye waya mwembamba wa taa, waya huo hupata moto kupita kiasi na unaweza kuchoma nyumba. Hita hiyo yahitaji waya wake mnene, swichi yake na fundi aliyehitimu.

Mwenye nyumba anashauriwa kuomba nambari ya idhini kabla ya kazi kuanza na kuilinganisha na orodha ya EPRA. Isitoshe, ahakikishe kwamba anayetia sahihi ndiye aliyefanya au kusimamia kazi, awepo vipimo vinapochukuliwa, na kuhifadhi nakala ya cheti. Stima ikileta maafa, hati hiyo ndiyo itakayoonyesha ni nani aliyesema nyumba ilikuwa salama.