Gesi Isiyosafiri: Methani na Dampo la Buhongwa

Historia ya methani nchini Tanzania ni zaidi ya usafirishaji kuliko ya ugunduzi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, baada ya bomba kukamilika. Sababu ya ugumu huo ni ya kimaumbile: methani haiwi kimiminika mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri.

Njia nyingine ni kuibadili palepale ilipo. Mwaka 1940, kiwanda cha Hüls nchini Ujerumani kilianza kuvunja hidrokaboni kwa cheche kali za umeme ili kupata asetilini. Mitambo ya plazima ya leo hufuata kanuni hiyohiyo ikilenga mafuta ya kubebeka kwa pipa, kama methanoli.

Buhongwa, Jiji la Mwanza hutupa taka zake. Taka zinazooza pasipo hewa hutoa gesi ambayo takriban nusu yake ni methani, na bomba la taifa halifiki huko. Hata hivyo, plazima hula umeme mwingi. Kabla ya kuijenga, sharti ipimwe iwapo gesi hiyo, ikiunguzwa kwenye jenereta, haitawafaa wakazi zaidi.