Utafiti ulivyochelewa kufika kwenye mioyo ya watoto wa Kanda ya Ziwa

Mwanza ni mji uliozoea watafiti wa tiba. Mwaka 1949, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, kilianzishwa hapa kituo cha kuchunguza matende na mabusha, na kazi yake ikavuka maji hadi kisiwa cha Ukara. Uchunguzi wa matende ulifanywa usiku, kwa kuwa vimelea vyake hujificha mchana na kujitokeza kwenye damu mtu anapolala. Fikiria mgeni mwenye taa na sindano anayebisha hodi saa nne usiku, katika nchi ambayo watoto walikua wakitishwa kwa hadithi za mumiani. Watu walitoa damu hata hivyo. Kituo kikakua, kikawa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki nzima, na baada ya sheria ya mwaka 1979 kikawa tawi la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Miaka ya tisini jina la Mwanza lilifika mbali zaidi. Jamii 12 za mkoa huu ziligawanywa mafungu mawili: sita ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, sita zikasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40 pale tiba ilipoboreshwa. Hadi leo wanafunzi wa afya ya jamii, London kama Nairobi, husomeshwa "jaribio la Mwanza".

Katika historia hiyo yote, mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo haonekani. Hakuna aliyekusudia kumwacha. Vimelea na virusi hupatikana kwa tone la damu na darubini, na zana hizo zilikuwepo. Moyo wa kichanga unataka mashine ya eko, inayotumia mawimbi ya sauti kuonyesha kuta na milango yake ikicheza, na unataka daktari anayejua kuisoma picha hiyo. Pasipo viwili hivyo mtoto aliitwa mgonjwa wa nimonia. Alitibiwa nimonia, akarudi na nimonia, akadhoofika, akafa, na cheti kikaandikwa nimonia.

Ukitaka kuona upofu huo kwa namba, tazama kazi ya watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, iliyotoka mwaka 2011. Walikusanya tafiti zilizokuwa zimechapishwa duniani kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za moyo. Asia ilionyesha watoto 9.3 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, Ulaya 8.2, Afrika 1.9. Msomaji wa haraka angedhani mioyo ya Waafrika ni imara kuliko ya wengine. Ukweli ni kwamba 1.9 inatupa hesabu ya mashine zetu za eko, haitupi hesabu ya watoto wetu.

Wenzetu walianza mapema. Maude Abbott, daktari wa Montreal, Kanada, alikusanya maelezo ya wagonjwa 1,000 wenye kasoro za moyo na kuyachapisha mwaka 1936. Wengi wao walijulikana ugonjwa wao wakiwa tayari mezani kwa uchunguzi wa maiti. Novemba 29, 1944, huko Baltimore, Marekani, mtoto Eileen Saxon, aliyekuwa na midomo ya bluu kwa kukosa hewa kwenye damu, aliunganishwa mshipa ili damu zaidi ifike mapafuni. Daktari wa watoto Helen Taussig ndiye aliyetoa wazo, Alfred Blalock akashika kisu, na nyuma ya Blalock, juu ya kigoda, alisimama Vivien Thomas, fundi wa maabara, Mmarekani mweusi ambaye hakuwa na shahada yoyote lakini alikuwa ameifanya kazi ile kwa mbwa mara nyingi kuliko yeyote pale chumbani. Eileen hakuishi miaka mingi. Upasuaji ule ulidumu. Jina la Thomas lilichelewa sana kutajwa pamoja na ya wale wawili, na chuo alikofanyia kazi kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976 tu.

Mwaka huohuo wa 1976 Bugando ilikuwa na miaka mitano. Hospitali ile ya juu ya kilima, inayoonekana na kila anayeingia mjini kwa barabara au kwa meli, ilijengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971 iwe hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 1972 serikali iliichukua, mwaka 1985 ikairudisha mikononi mwa Kanisa. Kwa mgonjwa wa moyo aliyehitaji kufunguliwa kifua, Bugando ilikuwa kituo cha njiani. Rufaa ilielekea Dar es Salaam na kutoka hapo India, kwa waliobahatika. Upasuaji wa moyo wa kutumia mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu ulianza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Mei 2008. Nairobi walikuwa wameuanza tangu miaka ya sabini. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa rasmi mwaka 2015 ndipo nchi ilipopata nyumba kamili ya kazi hiyo.

Njia nyingine ilipita Israeli. Ami Cohen, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Wolfson mjini Holon, alianzisha mwaka 1995 shirika la Save a Child's Heart, la kuwatibu bure watoto wa nchi zisizo na upasuaji huo. Watoto wa Zanzibar na Tanzania Bara walikuwa miongoni mwa waliopelekwa. Cohen alifia nchini kwetu: Agosti 2001, akiwa anapanda Mlima Kilimanjaro, alizidiwa na ugonjwa wa kimo. Miaka kumi baadaye, Agosti 2011, timu ya Wolfson ilikuja Mwanza, ikapima mamia ya watoto pale Bugando na kuwafanyia baadhi yao upasuaji hapohapo, kisha baadhi ya wanatimu wakaenda kuupanda mlima kwa kumbukumbu yake.

Ziara za wageni zina sifa moja mbaya: timu ikiondoka, mashine hufunikwa shuka. Ziara ile haikuishia hapo kwa sababu Godwin Godfrey Sharau, daktari kijana kutoka Bugando, alikuwa amepelekwa Holon kusomea upasuaji wa moyo wa watoto. Alirudi, akawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza katika fani hiyo, na baadaye akafanya kazi katika Taasisi ya Jakaya Kikwete. Naizihijwa Majani naye, bingwa wa moyo wa watoto, ana jina lake katika kazi za mwanzo za Kanda ya Ziwa.

Mimi, hata hivyo, chumba cha upasuaji hakinivutii kama chumba cha eko. Kuanzia Septemba 2009, kliniki ya moyo wa watoto ya Bugando ilianza kuandika kila mtoto aliyepimwa: umri, kilichoonekana, alikoelekezwa. Ni kazi ya kuchosha na isiyopigwa picha za magazeti. Ilipofika Agosti 2016 walikuwa wamepimwa karibu watoto 4,000, na zaidi ya 1,800 kati yao walikutwa na ugonjwa. Robo tatu ya hao wenye ugonjwa walizaliwa nao. Waliobaki waliupata baadaye, wengi wao kutokana na homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo. Daftari hilo ndilo lililozaa makala iliyochapishwa mwaka 2019 na Antke Zuechner pamoja na wenzake, wakiwemo Majani, Sharau na Profesa William Mahalu, mkongwe wa upasuaji wa moyo na kifua pale Bugando.

Makala hiyo ina mambo ya kutafakari. Karibu mmoja kati ya kila wanane wenye kasoro za kuzaliwa alikuwa na hali ya Down, kwa hiyo kila mtoto wa aina hiyo anayezaliwa zahanati ya Sengerema au Magu anastahili eko hata kama analia vizuri na kunyonya vizuri. Takriban sita kati ya kumi walijulikana kabla ya kutimiza mwaka. Wanne waliobaki ndio wa kuumiza kichwa, maana kwa aina nyingi za matundu mwaka wa kwanza ndio wakati wa kuamua.

Kuna watoto wengine ambao daftari haliwezi kuwaonyesha. Mtoto ambaye mishipa yake mikuu imetoka upande usio wake, au ambaye upande wa kushoto wa moyo haukukua, hufa siku au wiki chache baada ya kuzaliwa. Huyo hafiki kilimani. Anayefika ni mwenye tundu la kati, anayehema kwa shida lakini anaishi. Daftari la kliniki basi huandika walionusurika hadi mlangoni, na anayelisoma asidhani amesoma habari za wote. Kuwapata wale wengine kunataka kipimo wodi ya wazazi: kifaa kidogo kinachobanwa mkono wa kulia na mguuni kupima oksijeni kwenye damu, dakika chache tu, kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Hakitambui kasoro zote, lakini kinanasa nyingi za zile zinazoua haraka.

Sasa nifike kwenye majaribio ya tiba yenyewe, na hapa nina la kulalamikia. Jaribio kubwa la kulinganisha njia mbili za kuwafanyia upasuaji wachanga wenye upande mmoja wa moyo, lililochapishwa mwaka 2010, lilihusisha watoto 549 wa Amerika Kaskazini. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Kwetu halijibu swali, kwa sababu watoto hao kwetu hawafiki hata kuulizwa. Swali letu ni la mtoto wa miaka sita au kumi mwenye tundu lililopaswa kufungwa akiwa na miezi sita.

Huyo damu yake hupita tunduni kutoka kushoto kwenda kulia na kufurika mapafuni. Mishipa ya mapafu, ikilemewa mwaka baada ya mwaka, hukakamaa na kuwa minene. Mwisho shinikizo la kulia linashinda la kushoto, damu isiyo na oksijeni inageuza njia, na mtoto anaanza kuwa bluu. Victor Eisenmenger wa Vienna alieleza mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1897, na hali hiyo ikabeba jina lake. Ukifika hapo, kuziba tundu ni kumuua mgonjwa, maana limekuwa mlango wa kupumulia shinikizo. Daktari anayemwona mtoto wa umri huo lazima aamue kama bado yuko upande huu wa mstari au keshavuka.

Jaribio maarufu la dawa kwa wagonjwa wa Eisenmenger, la bosentan, lilitoka mwaka 2006. Lilikuwa na wagonjwa 54 na lilidumu wiki 16. Huko walikuwa wachache kwa kuwa watoto wao hufungwa matundu mapema. Lilionyesha kwamba waliotumia dawa waliweza kutembea umbali mrefu zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwetu, ambako wanaovuka mstari ni wengi, tunatumia zaidi sildenafil kwa sababu inapatikana, ile ile ambayo wanaume huinunua kwa kunong'ona, na mama akiandikiwa kwa ajili ya mwanawe duka la dawa humtazama mara mbili. Wenye ugonjwa wako huku na ushahidi umepimwa kule. Mkoa uliofundisha dunia kuhusu magonjwa ya zinaa una kila sababu ya kuongoza utafiti wa matundu yaliyochelewa kufungwa: nani afungwe, nani asifungwe, na aliyefungwa akiwa na miaka minane yukoje akifika ishirini.

Swali hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linataka kumfuata mtu nyumbani. Mgonjwa wa Geita alikuwa akingoja kivuko cha Busisi, avuke hadi Kigongo, aipite njia panda ya Usagara ndipo aingie Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kungoja huko, lakini halijalipa nauli. Wa Ukerewe bado anategemea ratiba ya meli. Mzazi ambaye mwanawe anakimbia uwanjani haoni sababu ya kuuza mbuzi ili akaambiwe mtoto mzima. Namba ya simu aliyoiacha imebadilika mara mbili. Kwenye karatasi za utafiti mtoto huyo huandikwa "hakupatikana", na asipopatikana hatujui kama amepona au amekufa.

Wapo wanaosema watu wa vijijini wanaogopa utafiti. Sikubaliani nao. Wanachoogopa ni kutoelezwa. Utafiti wowote wa tiba nchini lazima upate kibali cha kamati ya maadili, ya taifa iliyo chini ya NIMR au ya taasisi kama ile ya Bugando na chuo chake, na mzazi lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Ana haki ya kukataa, ana haki ya kujitoa katikati, na mtoto wake ataendelea kutibiwa. Bibi wa Kwimba akielezwa hayo kwa Kisukuma na mtu asiye na haraka, huuliza maswali ambayo kamati yenyewe haikuyafikiria.

Kwa hiyo wanaogharimia utafiti wa moyo katika kanda hii waweke nauli kwenye bajeti kabla ya kompyuta, na waandike namba za ndugu wawili badala ya moja. Nawe mzazi ambaye mwanao alifungwa tundu, Mwanza, Dar es Salaam, India au Holon, tunza karatasi za upasuaji na kadi ya kliniki, umrudishe kupimwa eko hata kama anacheza mpira, na ukiulizwa kama habari zake ziandikwe, uliza kwanza zitatumikaje, kisha ukiridhika ukubali.