Springi ya Hewa: Kutoka kwa Boyle Hadi Kwenye Roboti

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma. Umeona? Mpini unakurudishia. Mwaka 1660, kule Uingereza, Robert Boyle alichapisha kitabu kuhusu "springi" hiyo ya hewa. Francis Linus akampinga: haina nguvu ya kutosha kushikilia zebaki ndani ya bomba. Boyle akachukua bomba la kioo lenye umbo la J, akaziba ncha fupi, akaibana hewa kwa zebaki. Mwaka 1662 akatoa vipimo: joto lisipobadilika, ukipunguza ujazo kwa nusu, presha inakuwa mara mbili.

Miaka 300 na ushee baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Marc Raibert wa Carnegie Mellon, Marekani, akaunda roboti ya mguu mmoja inayorukaruka. Mguu wenyewe ulikuwa silinda ya hewa: ukitua hewa inabanwa, ikitanuka roboti inaruka.

Kwenye mashindano ya roboti, silinda iliyozibwa inaweza kuisaidia mota kunyanyua mkono. Ni nyepesi na haili umeme. Ila hapo ndipo hatari ilipo. Sheria za FIRST Robotics zinadai vali ya kutoa presha yote kwa mkono. Hewa iliyofungiwa mahali ambapo vali haifiki haitoki, hata uchomoe betri.

Kwa hiyo kabla hujaingiza vidole, ikumbuke ile pampu. Roboti imezimwa, lakini springi bado inasukuma.