Simu ya kukunja: mfuniko nao ni kitufe

Aliyezoea kitochi au simu ya kugusa akipewa simu ya kukunja husahau jambo moja: mfuniko nao unafanya kazi. Kwa nyingi ya simu hizi, ukiufunua inapoita umeshapokea, na ukiufunga umekata.

Hapo ndipo tunapoomba uangalifu. Ukiwa katikati ya kutuma pesa, usiufunge mfuniko ili jirani asione namba ya siri. Geuka pembeni. Menyu inaweza kukatika ukabaki hujui kama pesa zimekwenda. Ikitokea hivyo, angalia salio kwanza kabla ya kutuma tena.

Kuwasha au kuzima, shikilia kitufe chekundu sekunde chache. Cha kijani ni cha kupiga. Kuandika meseji ni kazi ya subira: herufi C iko kwenye 2, bonyeza mara tatu. Ukipita herufi 160, nafasi zikihesabiwa, unalipia meseji ya pili.

Majina yahifadhi kwenye laini, si kwenye simu. Simu ya zamani ikifa, laini unaihamisha na namba za watu wako unazo. Piga pia nyota reli 06 reli (*#06#). Zitatokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Ziandike kwenye daftari la nyumbani, maana ikiibiwa utaulizwa.

Na redio, mnayotuuliza kila wiki? Chomeka hedifoni hata kama unasikiliza kwa spika. Waya wake ndio antena.